Dada Anarudia Hisabati

Dada yangu ni tabibu katika kituo cha afya kimoja wilayani Kongwa. Akitoka zamu jioni huvua koti jeupe, hulitundika nyuma ya mlango, hunawa mikono, kisha hukaa mezani na kufungua kitabu cha Hisabati cha kidato cha pili. Mwalimu wake ni binti wa jirani aliye kidato cha tatu. Binti huyo humwita "dokta" kwa heshima zote, na papo hapo humkosoa: "Dokta, ukihamisha namba upande wa pili lazima ubadilishe alama." Dada hufuta, huanza upya.

Ana umri wa miaka 29. Ana stashahada ya utabibu yenye wastani mzuri, na ametibu watu kwa miaka kadhaa. Anachotaka sasa ni kusoma udaktari. Utaratibu wa udahili uko wazi: mwenye stashahada ya utabibu anaweza kuomba nafasi ya shahada ya udaktari endapo wastani wake ni B au GPA isiyopungua 3.0, na awe amefaulu kidato cha nne, kwa angalau D, masomo matano: Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Dada anayo manne. Kwenye Hisabati ana F ya mwaka 2012, na hiyo F imemfuata hadi leo kama kovu la utotoni.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia hapa Dodoma. Kwa muda mrefu niliichukulia F ya dada kuwa habari ya nyumbani tu, kitu cha kuzungumzwa kwa sauti ya chini wageni wakiwa sebuleni. Nilipoanza kusoma historia ya afya nchini mwetu ndipo nilipoona kwamba F hiyo ina ukoo wake.

Nianze na mwaka wenyewe. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitangazwa Februari 2013 na Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dk. Shukuru Kawambwa. Watahiniwa wa shule zaidi ya 240,000, kiasi cha asilimia 60, walipata divisheni ziro. Nilikuwa nimeingia tu kidato cha kwanza. Namkumbuka baba amesimama uani akiisogeza simu huku na huku kutafuta mtandao, kisha akaiweka mfukoni bila kusema neno. Mama ndiye aliyeuliza. Baba akajibu, "Wote wamefeli. Shule nzima." Nadhani alitaka kumfariji dada kwa kumweka ndani ya umati, lakini dada alilala na njaa siku ile.

Serikali iliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei matokeo yakafutwa, viwango vya alama vikapangwa upya, na matokeo mapya yakatolewa. Hata hivyo zaidi ya nusu ya watahiniwa walibaki na ziro. Dada alikuwa miongoni mwa waliopanda: ziro yake ikawa divisheni ya nne. Hakuishangilia. Mtaani watu walikuwa wameshayapa jina, "matokeo ya huruma", na mtoto wa miaka 17 husikia mambo kama hayo hata yasiposemwa mbele yake.

Ukitazama miaka iliyotangulia, hukushangazwi na idadi ile. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004, na ndani ya miaka michache karibu kila kata ikawa na sekondari yake. Wananchi walichangia mawe, mchanga na nguvu zao. Watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba sasa walivaa sare za sekondari. Lakini darasa hujengwa kwa miezi, na mwalimu wa Hisabati huandaliwa kwa miaka. Katika shule aliyosoma dada, kwa karibu miaka miwili Hisabati ilishikwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita, akisubiri kwenda chuo. Alipokwenda chuo, kipindi kikabaki kwenye ratiba ubaoni bila mtu.

Kwa hiyo tunaposema mtu "alianza vibaya", yafaa kuuliza alianzia wapi. Swali hilo ndilo lililonipeleka nyuma zaidi ya 2012.

Katika Tanganyika ya Waingereza, Mwafrika wa kawaida wa kijijini alitibiwa na dresa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali za wenyeji zilikuwa na zahanati ndogo ambako dresa, aliyefundishwa kwa muda mfupi, alisafisha vidonda, alichoma sindano na kugawa dawa chache. Aliyetaka kuwa daktari alilazimika kuvuka ziwa kwenda Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya uganga yalianza miaka hiyohiyo ya 1920 katika Hospitali ya Mulago. Waliofika huko walikuwa wachache wa kuhesabika. Na hata waliohitimu hawakuitwa madaktari kamili. Baraza la Madaktari la Uingereza liliitambua diploma ya Makerere mwaka 1957 tu. Kabla ya hapo, kizazi cha akina Dk. Vedasto Kyaruzi, aliyeongoza chama cha TAA mwaka 1950, kiliajiriwa kwa cheo cha msaidizi, chini ya daktari Mzungu. Walikuwa wamesoma miaka mingi, wakipasua na kuzalisha, lakini kwenye karatasi walikuwa madaktari wasaidizi.

Niliposoma hayo nilikaa kimya kidogo. Madaktari wa kwanza wa nchi hii nao waliambiwa kwamba mwanzo wao hautoshi.

Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka waliacha nchi ikiwa na madaktari wazalendo 12. Hebu fikiria nchi yote hii, kutoka Bukoba hadi Mtwara, na madaktari wanaotosha kukaa katika basi dogo na viti vikabaki. Serikali mpya isingeweza kungoja watoto wote wenye divisheni nzuri wakue. Ilijenga ngazi.

Mwaka 1963 ilifunguliwa shule ya udaktari Dar es Salaam. Nayo haikuanza kwa fahari. Ilikuwa chini ya Wizara ya Afya, si chuo kikuu, na waliohitimu walipewa leseni ya udaktari, si shahada. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Mwaka 1991 ikawa chuo kikuu kishiriki, na 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili tunachokijua leo. Ilichukua miaka 44 kutoka leseni hadi chuo kikuu kamili. Kama ingekuwa mtu, tungesema alianza na cheti akajiendeleza.

Chini ya shule hiyo kulikuwa na vipandio vingine. Aliyemaliza darasa la saba angeweza kusomea uganga msaidizi wa vijijini kwa miaka mitatu; wananchi waliwaita kwa herufi za Kiingereza, RMA. Aliyemaliza kidato cha nne alisomea utabibu miaka mitatu. RMA aliyefanya kazi vizuri aliweza kurudi chuoni akawa tabibu. Tabibu mwenye uzoefu wa miaka kadhaa aliweza kurudi tena, kwa muda usiozidi miaka miwili au karibu na hapo, akawa daktari msaidizi mwenye ruhusa ya kufanya upasuaji. Na wachache kati ya hao walisonga mbele hadi shahada.

Katika utafiti wangu nilimtembelea mzee mmoja mstaafu upande wa Mvumi, aliyepanda ngazi hiyo kuanzia chini kabisa. Nilimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa sababu bibi alinifundisha kwamba mlango wa mzee wa Kigogo hufunguliwa kwa salamu. Akanikaribisha chini ya mti, akaomba tuletewe ubuyu. Nilimuuliza, kwa adabu niliyoweza, kama ilimuuma kutochaguliwa kwenda kidato cha kwanza.

"Mjukuu," akasema, "mimi sikufeli. Nafasi ndizo zilizokuwa hazipo. Darasani tulikuwa wengi, akachukuliwa mmoja. Sasa sisi wengine wote tulikuwa wajinga?"

Akaenda kusomea RMA mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alifanya kazi katika zahanati ambayo maji yake yalitoka kisimani kwa punda. Akawa tabibu. Akawa daktari msaidizi, na kwa zaidi ya miaka 20 alifanya upasuaji wa uzazi. Nilimuuliza kama aliwahi kuwaza shahada. Akacheka. "Niliwaza. Lakini nilipofika kipandio cha tatu nilikuwa na watoto sita. Cha nne nilimwachia mwingine."

Kuna watakaosema ngazi hiyo ilikuwa ya shida, na kwamba wananchi walistahili madaktari kamili. Ni hoja ya haki, nami sipendi kuipamba dhiki. Lakini kazi ya watu hao imepimwa. Mwaka 2009 jarida la Health Affairs lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ukichunguza zaidi ya operesheni 1,000 za dharura za uzazi. Sehemu kubwa zilikuwa zimefanywa na madaktari wasaidizi. Watafiti hawakuona tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Nyuma ya sentensi hiyo fupi kuna akina mama waliorudi nyumbani na watoto mgongoni kwa sababu mtu aliyewahi kuachwa na mtihani alipewa nafasi ya kujifunza tena.

Kwetu Kongwa jambo hilo halihitaji jarida. Bibi yetu aliugua vikope tangu ujana. Ni ugonjwa wa nchi kavu, ya vumbi, inzi na maji ya mbali, na Kongwa ilijulikana kwa ugonjwa huo kiasi kwamba watafiti wa kimataifa wamekuwa wakija kuuchunguza tangu miaka ya 1980. Kope za bibi zilikuwa zimepinda kwa ndani, zinakwaruza mboni kila anapofumba jicho. Alitembea na kibanio kidogo kwenye fundo la khanga, akizing'oa moja moja. Aliyemfanyia upasuaji wa kope, mchana mmoja, zahanati, alikuwa muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo mahususi. Bibi alimwita "daktari wangu" hadi alipofariki. Hakuna aliyemrekebisha.

Kuna jambo jingine ambalo kizazi chetu tunalisikia kama hadithi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha kile kinachoitwa Azimio la Musoma. Pamoja na elimu ya msingi kwa wote, iliamuliwa kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Kwanza afanye kazi, angalau miaka miwili, na ombi lake liambatane na maoni ya mwajiri na tawi la chama kuhusu tabia na uwajibikaji wake. Cheti kilihesabika, na kazi nayo ilihesabika.

Azimio hilo lilikuwa na kasoro zake. Maoni ya tawi yanaweza kuwa maoni ya mwenyekiti ambaye amegombana na baba yako. Utaratibu ulilegezwa baadaye. Hata hivyo kuna wazo moja ndani yake ambalo sijalikuta tena katika fomu yoyote ya kuomba chuo niliyowahi kujaza: kwamba kile ambacho mtu amekifanya baada ya mtihani nacho ni ushahidi kuhusu mtu huyo.

Siku hizi hali ni nyingine. Kwa zaidi ya miaka 30 Muhimbili ilikuwa peke yake; sasa kuna vyuo kadhaa vinavyofundisha udaktari, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007 kwenye vilima vinavyoonekana kutoka dirisha la basi ninalopanda kila asubuhi. Waombaji wenye sifa ni wengi. Wenye kidato cha sita wa Fizikia, Kemia na Baiolojia wanajipanga foleni. RMA hawapo tena, na mafunzo ya madaktari wasaidizi yamesitishwa katika miaka ya karibuni. Nchi imesonga mbele, jambo la kushukuru. Ila vipandio vya kati vikiondolewa, aliye chini huona mrefu zaidi ukuta uleule ambao mzee wa Mvumi aliupanda kwa hatua.

Nilimweleza dada haya yote jioni moja, kwa hasira ya msomi aliyegundua kitu. Nilimwambia ni dhuluma kumhukumu tabibu wa miaka 29 kwa karatasi ya mtoto wa miaka 17 ambaye hakuwa na mwalimu. Nilitaja 1957, nilitaja Musoma, nilitaja wale 12. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipepeta mchele.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, dada."

"Sasa sikia, mdogo wangu. Juzi ameletwa mtoto wa kilo saba, ana degedege. Dawa imeandikwa miligramu kwa kilo. Chupa imeandikwa miligramu kwa mililita. Nikikosea nukta nimeua. Hiyo ni nini kama si Hisabati? Hawajakosea kunidai. Walikosea zamani, kutonifundisha."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimebeba historia ya nchi nzima ili nimwonee huruma, naye hakuwa anaitaka. Miaka kumi na zaidi alikuwa ameishi na neno lile "matokeo ya huruma". Fizikia aliirudia mwaka uliofuata baada ya kidato cha nne, akapata D, ikamwezesha kuingia chuo cha utabibu. Chuoni alilala na kuamka na vitabu. Safari hii pia hataki apunguziwe. Anataka mahali pa kujaribu tena.

Nadhani hapo ndipo nilipoielewa historia niliyokuwa naisoma. Nilikuwa nimeiona ngazi ile ya miaka ya 1960 na 1970 kama tendo la huruma kwa waliofeli. Kumbe haikuwa hivyo. Kila kipandio kilikuwa na mtihani wake, na wapo waliokwama. Mzee wa Mvumi hakupewa kisu cha upasuaji kwa kuonewa huruma. Alifundishwa, akapimwa, akafundishwa tena. Tofauti ni kwamba nchi iliyokuwa na madaktari 12 ilijua haiwezi kumudu kumpima mtu mara moja tu akiwa mtoto. Ilihitaji kurudi na kumpima tena alipokuwa amejua kazi. Iliwahitaji watu hao kuliko wao walivyoihitaji.

Je, leo hatuwahitaji? Nenda kituo cha afya chochote nje ya mji asubuhi ya Jumatatu, uhesabu walioketi kwenye benchi. Tabibu anayeomba kusomea udaktari anawajua watu hao kwa majina. Anajua nani atameza dawa na nani ataificha chini ya godoro. Hilo halimpi D ya Hisabati. Lakini ni elimu, na siku moja fomu zetu zingepaswa kuwa na nafasi ya kuiandika.

Hesabu ya dada, akiifanya mwenyewe nyuma ya daftari, ni hii. Mtihani Novemba, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Matokeo mwakani, akifaulu aombe chuo mwaka huohuo. Miaka mitano ya shahada, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Atakuwa daktari akiwa na miaka 36. Ada amezipanga katika safu yake, na safu hiyo bado haijalingana na ya mapato. Ameiwekea alama ya kuuliza. Baba amesema atauza ng'ombe wawili. Amesema hivyo uani, palepale aliposimama na simu mwaka 2013.

Wiki iliyopita nilikwenda Kongwa. Nilimkuta dada na binti wa jirani wako kwenye uwiano na asilimia. Binti alieleza, dada akaitikia, kisha dada akachukua kalamu akafanya swali zima kwa haraka bila kuinua kichwa. Binti akashangaa. "Dokta, hili umelijuaje?"

"Hili nalifanya kila siku," dada akasema. "Sikujua tu kwamba ndilo hili."

Kisha simu ikaita kutoka kituoni, mama mjamzito ameletwa na bodaboda. Dada akaweka kalamu katikati ya kitabu, akachukua koti nyuma ya mlango, akatoka. Binti alikaa kidogo akisubiri, halafu akamwandalia maswali matano ya kufanya akirudi.